Usalama wa Kupanga

Tarehe 21 Januari 2025 ndege ya serikali ya Italia ilitua Tripoli ikiwa imembeba Osama Almasri Njeem, kigogo wa polisi wa mahakama wa Libya. Siku mbili kabla yake alikuwa amekamatwa mjini Turin kwa hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Hati hiyo ilimtuhumu kwa mauaji, mateso na ubakaji katika gereza la Mitiga, ambako miongoni mwa waliofungwa wamo wahamiaji waliokuwa njiani kwenda Ulaya. Italia ni mwanachama wa mahakama hiyo, na mkataba ulioianzisha unaitwa Mkataba wa Roma kwa sababu ulipitishwa Roma, mwaka 1998. Lakini mahakama ya rufaa ya Roma ilisema taratibu za kumkamata zilikosewa, na serikali, badala ya kurekebisha taratibu, ikamtafutia ndege. Nyumbani alipokewa kwa shangwe. Waziri wa mambo ya ndani wa Italia aliliambia bunge kwamba mtu huyo aliondolewa upesi kwa sababu za usalama, kwa kuwa alikuwa hatari.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mtu ni hatari, kwa hiyo anarudishwa kule kule anakotuhumiwa kuwatesa watu. Sasa usalama uliotajwa bungeni ni wa nani?

Nimekaa na swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu nasoma shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa na usalama wa Ulaya ni mada ambayo darasani haikwepeki. Tunasoma kuhusu vifaru, mabomba ya gesi, asilimia za bajeti na takwimu za wahamiaji. Kila jambo lina wiki yake kwenye ratiba na kila wiki ina wataalamu wake. Mpaka muhula unaisha hakuna aliyetuambia kwamba wiki zote zile zilikuwa zinaeleza jambo moja.

Aliyewahi kupanga chumba Dar es Salaam atanielewa haraka. Unatoa kodi ya miezi sita mkononi kabla hujapewa ufunguo. Unapaka rangi, unaweka pazia, unawaambia watu "karibuni kwangu". Siku mkikorofishana kwa bili ya maji, au akitokea mteja mwenye fedha zaidi, ndipo unakumbushwa kwamba pale hapakuwa kwako.

Ulaya ni mpangaji wa aina hiyo. Magazeti huandika kwamba bara hilo lina matatizo matatu makubwa: Urusi, Marekani na wahamiaji. Mimi nasema lina tatizo moja. Ilipanga joto lake kwa Urusi, ikapanga ngao yake kwa Marekani, ikapanga geti lake kwa Uturuki, Libya na wenzao. Wote hao wameshapandisha kodi. Na badala ya kujenga, Ulaya inahama kutoka kwa mwenye nyumba mmoja kwenda kwa mwingine, huku sehemu ya kodi ikilipwa na watu ambao hawajawahi kulala ndani ya nyumba hiyo hata usiku mmoja.

Nianze na joto. Mwaka 2021 zaidi ya asilimia 40 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi. Bomba la Nord Stream, linalopita chini ya Bahari ya Baltiki, lilifunguliwa mwaka 2011. Makubaliano ya kujenga la pili yalifikiwa mwaka 2015, yaani mwaka mmoja tu baada ya Urusi kuitwaa Crimea. Poland, Ukraine na nchi za Baltiki zilipiga kelele. Berlin ikajibu kwamba huo ni mradi wa kibiashara. Februari 2022 vifaru vya Urusi vikaingia Ukraine, na Aprili mwaka huohuo Gazprom ikazikatia gesi Poland na Bulgaria kwa kukataa kulipa kwa rubo. Agosti, bei ya gesi kwenye soko la Ulaya ilipita euro 300 kwa megawati-saa, wakati kwa miaka mingi ilizoeleka kuwa kwenye 20 hivi.

Josep Borrell, aliyekuwa mkuu wa sera za nje za Umoja wa Ulaya, aliwaambia wabunge mwezi Aprili 2022 ukweli ambao wanasiasa wengi huuficha. Tangu vita ianze, alisema, Ulaya ilikuwa imeipa Ukraine euro bilioni 1, na katika muda huohuo ilikuwa imeilipa Urusi euro bilioni 35 za nishati. Yaani mpangaji alikuwa anamnunulia jirani yake rungu la kujihami, na wakati huohuo anampelekea mvamizi kodi ya nyumba.

Basi Ulaya ikahama. Ikahamia wapi? Leo muuzaji wake mkubwa wa gesi iliyosindikwa na kuletwa kwa meli ni Marekani, ambayo mwaka 2024 ilitoa karibu nusu ya gesi yote ya aina hiyo iliyoingia katika Umoja wa Ulaya. Tarehe 27 Julai 2025 Ursula von der Leyen, rais wa Tume ya Ulaya, alikwenda kwenye uwanja wa gofu wa Donald Trump huko Turnberry, Scotland. Alitoka na makubaliano kwamba bidhaa nyingi za Ulaya zitatozwa ushuru wa asilimia 15 zikiingia Marekani, na kwamba Ulaya itanunua nishati ya Marekani yenye thamani ya dola bilioni 750 katika miaka mitatu. Kwa nini umoja wenye watu milioni 450 ulikubali masharti hayo? Kwa sababu mwenye gesi ndiye huyohuyo mwenye ngao.

Hiyo ngao imekuwapo tangu NATO ilipoanzishwa mwaka 1949, na vizazi vitatu vya Wazungu vimekua vikiamini kwamba ni sehemu ya hali ya hewa yao. Kisha ikaja tarehe 28 Februari 2025, Volodymyr Zelensky akafokewa Ikulu ya Marekani mbele ya kamera. Siku chache baadaye Marekani ikasitisha msaada wa kijeshi na taarifa za kijasusi kwa Ukraine. Usitishaji huo ulidumu kwa siku chache tu, lakini ulitosha. Kila mji mkuu wa Ulaya uliona kwamba mlango unafungwa na mtu mmoja, na ufunguo wake hauko Ulaya. Juni mwaka huohuo, kwenye mkutano wa NATO mjini The Hague, wanachama wakaahidi kufikisha matumizi ya ulinzi na mambo yanayohusiana nayo asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2035.

Ukitaka kujua uchungu wa kupanga, iangalie Denmark. Nchi hiyo ndogo ilipeleka wanajeshi Afghanistan bega kwa bega na Marekani na kuzika zaidi ya 40. Januari 2025 Trump aliulizwa kama anaweza kuahidi kutotumia nguvu za kijeshi au za kiuchumi kuipata Greenland, ambayo ni sehemu ya Ufalme wa Denmark. Akakataa kuahidi. Mlinzi uliyemlipa kwa damu anaitamani sebule yako.

Sisemi haya kwa kushangilia. Najua simu za vijana wenzangu zimejaa video za kumsifu Putin, kana kwamba adui wa bwana wako wa zamani lazima awe rafiki yako. Tarehe 21 Februari 2022 balozi wa Kenya kwenye Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama jambo ambalo Mwafrika hahitaji kufundishwa: hata mipaka yetu ilichorwa na wakoloni, na kama kila taifa lingeamua kuwafuata ndugu zake ng'ambo ya mpaka kwa bunduki, tungekuwa bado tunapigana hadi leo. Ukraine imevamiwa, na ina haki ya kujilinda. Ninachokataa ni Ulaya kulia kwamba imesalitiwa na wenye nyumba wawili, huku ikiendelea kusaini mikataba na wa tatu.

Huyo wa tatu ndiye mwenye geti. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulikubaliana na Uturuki iwazuie wakimbizi wasivuke kwenda Ugiriki, kwa ahadi ya euro bilioni 6 kwa ajili ya wakimbizi walioko Uturuki. Mwishoni mwa Februari 2020, wanajeshi 33 wa Uturuki wakauawa Idlib, Syria, na Rais Erdoğan akataka Ulaya imuunge mkono. Akatangaza kwamba mpaka uko wazi. Maelfu ya watu wakapelekwa mpaka wa Ugiriki, wakapokewa kwa mabomu ya machozi, na Ugiriki ikasimamisha kupokea maombi ya hifadhi kwa mwezi mzima. Von der Leyen alikwenda pale akaishukuru Ugiriki kwa kuwa ngao ya Ulaya. Ngao dhidi ya nani? Dhidi ya familia zenye mabegi ya mgongoni, zilizosukumwa hadi pale na serikali ambayo Ulaya yenyewe ilikuwa inailipa.

Wengine walitazama, wakajifunza. Mei 2021 Uhispania ilimtibu hospitalini Brahim Ghali, kiongozi wa Polisario wanaodai uhuru wa Sahara Magharibi. Moroko ikakasirika, walinzi wake wakageuza uso pembeni, na katika siku mbili watu wapatao 8,000 wakaingia Ceuta kwa kuogelea na kwa miguu, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Machi 2022 Uhispania ikabadili msimamo wake wa miongo mingi na kuunga mkono mpango wa Moroko kuhusu Sahara Magharibi. Hiyo ndiyo kodi. Wasahrawi hawakuwa wameogelea kwenda popote, lakini bili ilitumwa kwao.

Mwaka huohuo wa 2021 Alexander Lukashenko wa Belarus, akiwa amebanwa na vikwazo, alifungua njia ya viza na ndege kwa watu kutoka Iraq, Syria na kwingineko, kisha wakasukumiwa kwenye mpaka wa Poland. Baadhi walikufa msituni kwa baridi huku walinzi wa pande mbili wakiwarushiana kama mpira. Muammar Gaddafi aliliona hili mapema kuliko wote. Agosti 2010 alisimama Roma akataka euro bilioni 5 kila mwaka, la sivyo Ulaya ingegeuka kuwa nyeusi. Watu walimcheka. Mwaka uliofuata akauawa, lakini bei aliyoitaja ilibaki sokoni.

Na soko limechangamka. Februari 2017 Italia ilisaini hati ya makubaliano na Libya ya kuwasaidia walinzi wa pwani wa nchi hiyo kukamata mashua na kuzirudisha. Machi 2023 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu umetendwa dhidi ya wahamiaji nchini Libya, na kwamba msaada wa Ulaya kwa wanaowakamata ulichangia. Julai 2023 zamu ya Tunisia ikafika, kukiwamo euro milioni 105 za kudhibiti uhamiaji. Miezi mitano kabla, Rais Kais Saied alikuwa ametoa hotuba dhidi ya Waafrika weusi iliyofuatiwa na watu kupigwa na kufukuzwa majumbani, na mwezi uleule wa kusaini, mamia ya watu walikuwa wanatupwa jangwani mpakani bila maji. Oktoba Saied akarudisha euro milioni 60 za Ulaya, akisema nchi yake haipokei sadaka. Julai 2025 kamishna wa uhamiaji wa Umoja wa Ulaya pamoja na mawaziri wa Italia, Ugiriki na Malta walifika Benghazi kwa mazungumzo, na serikali ya huko ikawageuza wakiwa bado uwanja wa ndege, ikawaambia waondoke. Mgeni aliyekuja kulipa kodi alifukuzwa mlangoni!

Kwa picha hiyo, ile ndege ya Almasri haishangazi tena. Serikali iliyokabidhi geti lake kwa watu wa namna hiyo haiwezi kumpeleka mmoja wao The Hague na ikatarajia asubuhi geti liwe bado limefungwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Ulaya imetegemea cha watu ambao si hata nduguze.

Wapo watakaonijibu kwamba kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia kwake. Nakubali. Tanzania inayo, Kenya inayo, Italia inayo. Haki hiyo ndiyo hasa Ulaya inayoiuza. Nchi inayolinda mpaka wake kwa watumishi wake, sheria zake na mahakama zake, inaamua yenyewe nani aingie na nani arudi. Inayomlipa mtu mwingine afanye hivyo nje ya macho ya mahakama imemkabidhi uamuzi pamoja na rimoti.

Wapo watakaosema mikataba inafanya kazi. Frontex, wakala wa mipaka wa Umoja wa Ulaya, ulihesabu mwaka 2024 matukio yapatayo 239,000 ya watu kuvuka bila kibali, pungufu kwa asilimia 38 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Ni kweli idadi ilipungua, lakini mwaka huohuo Visiwa vya Kanari vilipokea zaidi ya watu 46,000, idadi ambayo havijawahi kuiona, kwa sababu njia fupi ilipozibwa watu walipita njia ndefu zaidi ya Atlantiki.

Na wapo watakaosema kwamba bila mikono migumu, siasa kali zitashinda. Hii ndiyo hoja inayowatisha wastaarabu wa Brussels kuliko zote, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2015, mwaka ambao Ulaya ilishuhudia wahamiaji wengi kuliko mwaka wowote wa karibuni, chama cha AfD cha Ujerumani hakikuwa na kiti hata kimoja katika bunge la taifa. Februari 2025, baada ya mikataba na Uturuki, Libya, Tunisia, Mauritania na Misri, na idadi ya wanaovuka ikiwa imeshuka sana, AfD ilipata asilimia 20.8 ya kura, mara mbili ya uchaguzi uliotangulia. Ukimwambia mpiga kura kwa miaka 10 kwamba mtu mwenye ngozi kama yangu ni silaha ya adui, usishangae akimchagua yule anayelisema hilo bila aibu.

Halafu kuna jambo ambalo Ulaya ililithibitisha yenyewe. Tarehe 4 Machi 2022 ilianza kutumia sheria ya ulinzi wa muda iliyokuwa imelala kwenye kabati tangu mwaka 2001, na Waukraine wakapewa haki ya kukaa, kufanya kazi, kusoma na kutibiwa bila kusubiri kesi ya hifadhi. Zaidi ya milioni 4 walipokewa. Shule hazikuporomoka wala serikali hazikuanguka. Siku zilezile wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wanakimbia mabomu yaleyale walizuiwa na kusukumwa nyuma ya foleni kwenye mipaka, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani. Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu uwezo. Uwezo upo, na kilichokosekana kwa wengine ni uamuzi.

Uamuzi huohuo unaonekana kwenye milango halali. Mimi nilialikwa kuwasilisha mada kwenye kongamano la wanafunzi katika nchi moja ya Ulaya. Nikalipa euro 90 za maombi ya viza, ambazo hazirudishwi, nikapeleka barua ya chuo, taarifa ya benki na nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Jibu lilikuja kwenye fomu yenye visanduku. Kilichotiwa alama kilisema kuna shaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Mada yangu ilihusu mikataba ya uhamiaji. Silinganishi viza yangu na kifo cha mtu baharini. Mimi nilirudi bwenini nikala chakula changu. Lakini niliona kwa macho yangu namna foleni halali inavyomfundisha mtu kwamba jina lake na pasipoti yake ndivyo kosa lenyewe. Mwenye haraka kuliko mimi, mwenye watoto au mwenye deni, atajifunza somo hilo kisha atamtafuta mwenye mashua.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2023 mashua ya uvuvi iitwayo Adriana ilizama karibu na Pylos, Ugiriki. Ilitoka Tobruk, Libya, na ilikadiriwa kubeba watu wapatao 750, wengi wao kutoka Pakistan, Syria na Misri. Waliookolewa ni 104. Miili iliyopatikana ni 82. Ilikuwa imeonekana kutoka angani na kufuatwa kwa saa nyingi kabla ya kuzama. Walionusurika walisema chombo cha walinzi wa pwani kiliifunga kamba na kuivuta, na ndipo ilipopinduka, walinzi wamekana. Mei 2025 mwendesha mashtaka wa mahakama ya wanamaji aliwafungulia mashtaka walinzi 17. Watu zaidi ya 500 wako chini ya bahari katika sehemu mojawapo yenye kina kirefu kuliko zote za Mediterania. Hao hawatajwi kwenye hotuba yoyote ya usalama wa Ulaya, lakini ndio waliolipa kodi ya mwezi ule.

Kodi nyingine inalipwa karibu zaidi na sisi. Ulaya inayotaka kuachana na Urusi inahitaji gesi nyingine na madini ya betri na vifaa vya kielektroniki. Desemba 2022, na tena Novemba 2024, iliidhinisha euro milioni 20 kwa ajili ya jeshi la Rwanda lililoko Cabo Delgado, Msumbiji, mkoa wenye mradi mkubwa wa gesi wa TotalEnergies. Februari 2024 ikasaini na Rwanda hati ya ushirikiano wa madini muhimu, wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika kwamba Rwanda inawasaidia M23 mashariki mwa Congo. Rwanda imekana. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikatekwa. Bunge la Ulaya likataka hati ile isimamishwe, na Machi Umoja wa Ulaya ukawawekea vikwazo maofisa kadhaa wa Rwanda. Kwa wakazi wa Goma, wanaozungumza lugha ninayoandikia hapa, jibu hilo lilifika wakiwa wameshazika. Ukitafuta mlinzi wa bei nafuu, hupati nafasi ya kuuliza anafanya nini akiwa nje ya lindo lako.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nawalaumu Wazungu peke yao. Hapana. Mpangaji hawezi kupanga bila mwenye nyumba, na katikati yao daima yuko dalali. Uingereza ilipotaka kuwapeleka waomba hifadhi Kigali, Rwanda ilisaini, Aprili 2022. Mpaka mpango ulipofutwa Julai 2024, serikali mpya ya Uingereza ilisema pauni milioni 700 zilikuwa zimetumika, na waliokwenda walikuwa watu 4, wote kwa hiari yao. Septemba 2025 Uganda na Uholanzi walitia saini hati ya awali ya kuwa na kituo cha kupitishia watu waliokataliwa hifadhi. Uganda inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na inastahili msaada kwa ukarimu huo. Sasa inaombwa igeuze ukarimu kuwa biashara ya stoo. Vituo vya namna hiyo vimekuwa wimbo wa Brussels tangu Machi 2025, Tume ya Ulaya ilipopendekeza sheria ya kuwarudisha watu hata kwenye nchi zisizo zao. Wataendelea kuja, na mabegi yao hayatakuwa matupu.

Kujenga kunawezekana, na Ulaya imeanza pale ilipoamua. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, umeme wa jua katika Umoja wa Ulaya uliupita umeme wa makaa ya mawe, na hakuna rais wa nchi nyingine anayeweza kulizima jua kwa hasira. Kwenye geti, tofali za kujengea ziko wazi hata kwa Giorgia Meloni, aliyeingia madarakani kwa kuahidi kuzuia mashua. Serikali yake iliidhinisha vibali vya kazi zaidi ya 450,000 kwa miaka ya 2023 hadi 2025, na karibu 500,000 vingine kwa miaka ya 2026 hadi 2028, kwa sababu mashamba, hoteli na wazee wa Italia wanahitaji mikono. Mwaka 2024 nchi hiyo ilizaa watoto wapatao 370,000 tu. Serikali ileile inayomlipa Mlibya awazuie watu inawahitaji watu. Ingeweza kuifanya njia ya vibali iwe ya kweli, ya haraka, inayofika hadi Khartoum na Conakry, ikapeleka meli za uokoaji pale zilipo mashua, ikasikiliza maombi ya hifadhi kwenye ardhi yake na kuwarudisha kwa amri ya mahakama wale wasiostahili. Ingekuwa kazi ngumu, yenye kelele na gharama. Lakini mpaka ungekuwa wake.

Hilo ni la kwao kuamua, na wana kura. Letu ni dogo zaidi na liko karibu. Siku ujumbe wa Ulaya utakapotua Dodoma, Nairobi, Kampala au Bujumbura na hati yenye maneno "ushirikiano wa uhamiaji", tusiulize kwanza ni euro ngapi. Tudai hati yote isomwe bungeni kabla ya kusainiwa, kifungu kwa kifungu: nani atafungiwa wapi, kwa muda gani, chini ya sheria ya nani, na akifa atashtakiwa nani. Hati ambayo haiwezi kusomwa kwa sauti mbele ya wananchi wake ina mtu ndani yake ambaye ameshauzwa.